Mkanyaga Ndizi

Nesi Placidia alishika rula juu ya kidonda bila kukigusa, akainama, akasoma.

"Urefu sentimita tatu na nusu. Upana mbili."

"Na mwezi uliopita?"

"Hivyo hivyo, mzee."

Polikarpi alitazama ukuta wa zahanati. Miaka minne iliyopita alijichoma kwa kisiki cha mbuni juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Kidonda kilifunga mara mbili, kikafunguka mara mbili.

"Bandeji ya kubana nimevaa. Kulala, nimelala nimeinua mguu."

"Naona. Ni kisafi. Ila hakijafunga."

"Leo tunakanyaga ndizi za pombe. Jumamosi tunamuaga Edith."

Placidia alijua. Kwa miaka karibu thelathini, mtu wa Kaisho akiwa na harusi alimtuma mtu kwanza kwa Polikarpi, kisha kwa padri. Edith alikuwa binti wa pekee wa Polikarpi.

"Nikivaa buti la mvua?"

"Siku hizi ndizi zinakanyagwa kwa buti?"

"Hapana."

"Basi umejijibu, baba." Alianza kufunga bandeji kutoka vidoleni kwenda juu. "Usiuloweshe mguu huu."

Dereva wa bodaboda aliyemrudisha nyumbani alipandisha skafu puani kabla ya kuwasha pikipiki. Polikarpi hakukasirika. Kanisani alikuwa amejichagulia benchi la mwisho, karibu na mlango, kabla mtu hajamwambia. Nyumbani, mkewe Katusiime alichemsha vitambaa vya kidonda katika sufuria ya pembeni, isiyopikiwa chakula. Tangu mwaka wa pili wa kidonda alilala chumba kingine. Alisema mumewe anagaragara sana usiku. Polikarpi aliipokea sababu hiyo na hakuichunguza.

Migombani, ndizi zilikuwa zimefukuliwa shimoni zilikokaa siku sita. Zilikuwa laini, za manjano, na harufu yake ilijaa hadi barabarani. Yustus, mtoto wa dada yake, mwanamume mnene mwenye watoto watatu, alivuta kigoda, akaketi bega kwa bega na mjomba wake, wakamenya. Harufu ya ndizi ilifunika kila kitu. Yustus hakugeuza uso hata mara moja. Polikarpi alimenya polepole kuliko alivyoweza.

Lakini ndizi zilikwisha. Yustus alinawa miguu, akaingia katika mtumbwi wa gogo wa kukanyagia ndizi, akatandaza majani juu ya ndizi, akaanza.

"Unapiga majani," Polikarpi alisema bila kutazama. "Hujafika kwenye ndizi."

"Mjomba, umefumba macho!"

"Nasikia. Weka kisigino kwanza. Unatembea kama unakwenda kuoa."

"Nilishaoa."

"Ndiyo maana umechoka."

Yustus alicheka, akateleza, akashika ukingo wa mtumbwi. Baada ya nusu saa alisimama, jasho likimtoka kidevuni. Povu halikuwa limetokea. Alitazama huku na huku. Migombani hapakuwa na mtu mwingine.

"Ingia, mjomba. Dakika kumi tu. Nani atajua?"

Polikarpi alivua kandambili ya kushoto. Alinawa mguu huo kwa maji ya ndoo, akasugua kisigino, akapitisha kidole katikati ya kila kidole cha mguu, kama zamani. Kisha akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili ili auinue. Kwenye bandeji iliyofungwa asubuhi palikuwa na doa la njano, dogo, kama punje ya kahawa.

Alilitazama kwa muda. Akaurudisha mguu chini.

"Endelea," alisema. "Kisigino. Kisha vidole. Usikimbie."

Yustus aliendelea. Polikarpi alifumba macho tena. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Majani yaliacha kukwaruza. Sauti ikawa nzito, kisha ikawa ya maji.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Sasa usisimame."

Edith alikuja na kibuyu povu lilipopanda. Alichota, akampita Yustus, akampelekea baba yake.

"Tata, onja."

"Anayeonja ni aliyekanyaga."

"Ndiyo," Edith alisema, mkono wake haukurudi nyuma. "Onja."

Alikunywa. Juisi ilikuwa tamu, bado haijachanganywa na mtama, bado haijawa pombe. Alitaka kusema kitu kuhusu utamu huo, akasema, "Ichujwe vizuri," akamrudishia kibuyu.

Edith alimsaidia kuinuka, akamshika kiwiko, wakaelekea nyumbani polepole. Yustus alikuja kuchukua kigoda alichokalia mjomba wake, akasita. Mbele ya kigoda, upande wa kulia, vumbi lilikuwa tulivu. Upande wa kushoto palikuwa na kishimo kipya, kina chake kama kiganja, kilichoshindiliwa hadi kikang'aa: chenye kina zaidi palipopiga kisigino, kidogo palipopiga vidole.

Alipeleka kigoda nyumbani. Kishimo hakukifukia.