Adelina Aagiza Ugomvi

Adelina aliporudishwa nyumbani Kibamba kutoka hospitali ya mjini, daktari alikuwa ameshasema hakuna tena la kufanya. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umeshinda dawa. Mwaka ule wa 1953 alikuwa na miaka kumi, mwembamba kama ufito, ila mdomo wake ulikuwa mzima kabisa.

Kilichomkera zaidi ya uvimbe ni ukimya. Baba yake, Albano, mchonga vinyago aliyetoka Newala, na jirani yao Bi Mwajabu walikuwa wakigombana kila asubuhi tangu Adelina hajazaliwa, kwa sababu mbuzi wa bibi huyo alikula muhogo wa Albano. Sasa walikuwa wakisalimiana kwa adabu na kunong'ona.

Sadallah, dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alikuja kwa baiskeli na dawa ya maumivu, akamuuliza mtoto anatamani nini. Machungwa? Biskuti?

"Nataka wagombane," Adelina akasema. "Wamenyamaza kama nimeshakufa."

Mama yake, Bernadeta, akajifunika uso kwa kanga. Sadallah akawaita wagomvi. "Mie nimeleta dawa yangu. Hiyo nyingine mnayo nyie."

Wakasimama uani, mbele ya kitanda kilichotolewa nje.

"Mbuzi wako… si mzuri sana," Albano akaanza.

"Nisamehe, jirani," Bi Mwajabu akajibu.

"Aa!" Adelina akaguna. "Bibi, sema vinyago vyake vibaya!"

"Mjukuu wangu, baba yako ana majonzi."

"Sema tu," Albano akamhimiza. "Sitachukia."

Bi Mwajabu akamtazama kwa huruma. "Vinyago vyako vina sura yako. Ndiyo maana wateja wanakimbia."

Albano akainua kidevu. "Hilo hujalitunga leo."

"Nimelikalia tangu Ramadhani!"

"Na mbuzi wako mwizi! Analijua shamba langu kuliko mie!"

"Anakusaidia! Muhogo wenyewe mchungu, hata panya wameuhama!"

Hapo mbuzi akatokea nyuma ya nyumba, bendeji ya Sadallah ikimning'inia mdomoni. Dresa akamrukia, akamkosa, akaangukia pipa la maji. Albano na Bi Mwajabu wakamkimbiza mbuzi huku kila mmoja akimlaumu mwenzake. Adelina akacheka mpaka akajishika tumbo.

"Taratibu, mama, utaumia," Bernadeta akamwambia.

"Acha niumie kwa hili."

Tangu siku hiyo waligombana uani kila asubuhi, naye akiwachochea, mpaka mvua za vuli zilipoanza na akawa analala tu. Akafariki asubuhi moja, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Bi Mwajabu alikuwa akimsugua miguu iliyopoa, Albano akimwimbia wimbo wa kwao wa kupalilia.

Baada ya maziko Albano alikataa chakula. Bi Mwajabu akapika uji, akaketi naye mkekani, akamlisha kijiko kwa kijiko kama mtoto. Naye akanywa.