Jangwa la Papa Gradi

Kuna wanaume wanaodanganya kwa sababu wana shida, na kuna wanaodanganya kwa sababu chai bado ipo kikombeni. Zéphyrin wa mtaa wa Kamwokya alikuwa wa kundi la pili. Mkewe Perpétue, muuza vitenge katika soko la Nakivubo, alimjua hivyo tangu Bukavu, kabla vita havijawafukuza na kuwaleta Uganda, na kwa miaka mingi alimwachia tu. Mwanamume asiye na uongo mdogo, alisema, ni mboga isiyo na chumvi.

Lakini uongo wa jangwa haukuwa mdogo. Kwenye kibanda cha chai cha Ramathan, ambako wanaume wa mtaa huenda kupumzika kutokana na kazi ambazo hawajazifanya, Zéphyrin aliwaambia kwamba ujanani aliendesha lori la chumvi katika Sahara. Mwanzoni lilikuwa lori tu. Baadaye wakaingia ngamia. Kisha ikaja tufani ya mchanga iliyowafukia wenzake wote na kumwacha yeye, na mwishowe akatokea chifu mwenye kilemba aliyetaka kumwoza binti yake. Macho ya binti huyo Zéphyrin aliyaeleza kirefu kuliko alivyolieleza lori.

Perpétue alilijua lile lori. Lilibeba maharage, lilitoka Bukavu kwenda Shabunda, katika matope ya kufika magotini, na aliyekaa pembeni ya dereva, mimba ya Gradi, mtoto wao wa kwanza, ikigonga dashibodi kila shimo, alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyekata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Yeye ndiye aliyesukuma. Sasa hayo yote yamefutwa, na mahali pake wamewekwa ngamia na binti wa chifu. Hilo lilimuuma sana, wala hakulificha. Alimwambia mumewe usoni kwamba anangoja siku moja tu: siku atakayoukana uongo huo kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu walewale aliowalisha.

Aliyeileta siku hiyo ni Ocira, kijana wa Kyebando, mtoto wa afisa wa jeshi, mwenye mahali pa kuoshea magari na ulimi usiojua breki. Ocira alikuwa amejiandikisha katika mashindano ya magari kwenye jangwa la Turkana, ng'ambo ya mpaka, mashindano ya watu wa kujifurahisha, si mabingwa. Akasimama kibandani, wanaume wote wakisikiliza.

"Mzee Zéphyrin, wewe iko bingwa ya jangwa. Kuja basi tushindane huko, tuone."

Watu wakapiga makofi. Zéphyrin angeweza kusema mgongo unamuuma. Angeweza kusema kuna msiba. Badala yake alivuta suruali juu na kusema jangwa limemkumbuka.

"Debe tupu," alisema Perpétue habari ilipomfikia Nakivubo. Sheria ya mashindano ilitaka watu wawili ndani ya kila gari, na gari lenyewe lilikuwa lake, Prado kuukuu la kubebea marobota ya vitenge. "Miye njo nitakaa pembeni," akamwambia mumewe. "Gari iko yangu, na aibu yako minataka niione na macho yangu."

Basi wakaenda. Njiani Perpétue alimwonyesha mumewe ng'ombe tu.

Asubuhi ya mashindano Perpétue alizunguka akiwatazama washindani, na dharau ikapata shibe. Hawa walikuwa watu wa maofisini wenye vitambi, waliovaa ovaroli zilizojaa nembo za wafadhili. Nembo zile alizijua. Zinauzwa Nakivubo, mlango wa tatu kutoka kwake, na mwenye kuzishona hajui hata hayo makampuni yanauza nini. Kila mmoja alitembea kwa kutanua miguu, kana kwamba ushindi umemchubua mapajani.

Msimamizi, mama mmoja mkakamavu aitwaye Nabangala, aliwaambia mambo mawili. La kwanza, wapunguze upepo wa matairi mpaka yalale kidogo, la sivyo mchanga utawameza. La pili, ukimkuta mwenzako amekwama, ni lazima usimame umjulie hali.

Zéphyrin alitabasamu kama mtu anayefundishwa kula. Akaenda nyuma ya gari, akatoa pampu, akaongeza upepo mpaka matairi yakawa magumu kama jiwe. Ndivyo alivyokuwa akifanya njia ya Shabunda: tairi gumu hukata tope na kufika chini penye ardhi. Perpétue alimwona, akajua anapigana na tope lisilokuwepo. Gari lilikuwa lake, roho ilimwambia sema. Badala yake akapanda, akafunga mkanda.

Mwanzoni ardhi ilikuwa ngumu, na Zéphyrin akapiga hata mluzi. Kisha mchanga laini ukaanza. Gari likapunguza mwendo, akakanyaga mafuta. Likapunguza zaidi, akakanyaga zaidi. Magurudumu yalizunguka yakitupa mchanga nyuma, na Prado likajichimbia taratibu mpaka tumbo likakaa chini.

Zéphyrin alishuka, akatazama kulia na kushoto akitafuta matawi ya kutandika.

"Ata muti moja hakuna," akasema kwa mshangao, kana kwamba Sahara yake ilikuwa na msitu.

Perpétue alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Alicheka kwa ajili ya ngamia, kwa ajili ya chifu, na kwa ajili ya binti yule mwenye macho. Alikuwa bado anajifuta machozi gari la Ocira lilipofika na kusimama, kama sheria ilivyotaka.

"Mzee! Gari yako nalala mchana?" Ocira alishuka ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi. Nyuma yake alishuka Husnah, msichana aliyemsomea ramani, ameinua simu. Mtandao ulikuwepo, kwa bahati mbaya.

"Tuko mubashara," alisema Husnah. "Kwa Ramathan wameweka kwa televisheni. Kamwokya yote iko hapa."

Zéphyrin alisimama mbele ya simu, mchanga kwenye nyusi, mikono mitupu.

"Mama," Ocira akamgeukia Perpétue, "wewe iko mtu ya kanisa, huwezi danganya. Huyu mzee alifika Sahara kweli?"

Jibu lake Perpétue alikuwa amelitunza kwa miaka. Neno moja tu lilitosha. Akamtazama mumewe, kisha akamtazama kijana huyu aliyekuwa anamcheka Zéphyrin kama mtu aliyerithi haki hiyo kwa baba yake. Dharau ile ilikuwa mali yake! Aliichuma yeye, kwenye matope, na mimba. Nani amempa huyu mwosha magari? Hasira ikampanda kichwani.

"Alifika," akasema. "Miye nilikuwa pembeni yake. Na ule binti ya chifu, njo alikuwa ananipikia chai."

Ocira akamtazama Husnah, Husnah akaitazama simu.

Zéphyrin alimtazama mkewe. Macho yakamjaa maji. Alimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi, na mapenzi, kama kila kitu mikononi mwake, yakaharibu mambo. Akasogea mbele ya simu.

"Hapana. Mama Gradi anabadanganya. Sahara sijafika ata siku moja. Ilikuwa lori ya maharage, Shabunda, ndani ya matope. Na yeye njo alikuwa anasukuma, na mimba yake."

Ocira alicheka mpaka akakaa mchangani na ovaroli yake ya pasi. Perpétue alihisi uso ukiwaka moto. Alikuwa amepewa kile kile alichokiomba, neno kwa neno, na alitamani kumzika mumewe papo hapo.

"Papa Gradi! Miaka yote ile, siku ya kusema kweli umeiona leo?" akafoka.

Ocira ndiye aliyewapunguzia upepo na kuwachimbua, kwa sauti kubwa. Walimaliza wa mwisho. Mshindi alikuwa mtu mwingine kabisa, na hakuna aliyemkumbuka.

Siku hizi Nakivubo wanamwita Mama Sahara. Wateja humuuliza kama chai ya kwa chifu ilikuwa na sukari. Na kibandani kwa Ramathan, Zéphyrin ameacha ngamia. Anasimulia matope tu, na mke mjamzito mwenye panga anayekata matawi chini ya mvua. Wanaume humsikiliza kwa huruma.

"Mzee, hii ya matope haina utamu," humwambia. "Rudisha ngamia."

"Muende mumuulize Mama Gradi mwenyewe," Zéphyrin huwaambia.

Nao huenda. Humkuta dukani, humuuliza kama ni kweli alisukuma lori na mimba.

"Ni kweli," Perpétue hujibu, kwa hasira inayotosha kusukuma jingine.

Wanaume humtazama mwanamke aliyekunywa chai kwa chifu wa Sahara. Hutikisa vichwa kwa kutoamini, hucheka, na mmoja wao hununua kitenge, ili asiondoke na aibu tupu.