Jakuzi Nyuma ya Jiko

Wanangu walileta jakuzi Ijumaa, na kufikia kesho yake kila mtu nyumbani kwangu alikuwa mtaalamu wa mahali pa kuliweka. Daktari alisema maji ya moto yatampunguzia baba yao maumivu ya mgongo na kumlainishia misuli ya miguu, ambayo tangu apate kiharusi haimshikilii. Nia yao njema, sikatai. Ila makelele yao, Mungu wangu!

Binti yangu alitaka roshani, hatua chache tu kutoka kitandani kwa mzee. Fundi umeme aliyekuja kuliunganisha akamcheka: likijaa maji litashuka na roshani yenyewe hadi uani. Chini ya dirisha la bafu pana shimo la maji machafu. Mbele, kila mpita njia angemwona mzee na bukta yake. Mwishowe wakakubaliana nyuma ya jiko, penye sakafu ya zege, bomba, soketi na ukuta mrefu. Kujaribu njia, kifungua mimba wangu, pande la mtu, akamtia baba yake mgongoni, akashuka naye ngazi kama kabeba mto.

"Mnaona? Rahisi tu."

Tukapiga makofi. Mzee mwenyewe alicheka, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Jumapili wakaingia majini wao, wakapiga picha, wakamwogesha baba yao mara moja, wakarudi kila mtu kazini kwake.

Jumatatu maji yakapata moto, nami nikabaki na mume wa kilo tisini na ngazi. Nilimshika kwapani. Tulifika mlangoni tu, tukakaa chini wote wawili, tunahema. Nikasema nimwite kijana wa jirani. Mzee akagoma katakata: mwanawe sawa, lakini habebwi mgongoni na mtoto wa watu. Nikampigia kifungua mimba, akaniambia nivumilie, atakuja mwisho wa mwezi. Nilikata simu nisije nikamtukana.

Nililia jikoni, nikitazama mvuke unavyopotea bure pale nje. Hasira zilinijaa, lakini nimfokee nani? Kisha nikachota maji yale kwa ndoo, nikapanda nayo, nikayamimina kwenye beseni la kufulia na kumtia miguu humo.

Mzee alifumba macho kitambo. Halafu akakiangalia chumba chote, taratibu, ukuta hadi ukuta.

"Mama watoto," akasema, "hapa hawakupafikiria."