Mshipa Umeamka

Kukaa hawezi, kusimama hawezi. Jilala alikuwa anazunguka kwenye baraza ya zahanati kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, mkono mmoja ndani ya mfuko wa suruali, akijishikilia. Akifika kwenye nguzo anageuka. Akifika kwenye ndoo ya kunawia anageuka. Wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakamwambia akae, anawatia kizunguzungu.

"Nikikaa ndiyo naumia zaidi, mama zangu."

Asubuhi ile, kwenye duara, shimo la wachimba dhahabu hapo Mwakitolyo, alikuwa anazungusha winchi ya mkono, kiroba cha mawe kinapanda kutoka shimoni. Kizuizi cha winchi ile kilikuwa kimelika zamani. Walikifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kila aliyelalamika aliambiwa kitabadilishwa. Kikachomoka. Kiroba kikarudi chini, na mkono wa chuma ukazunguka kinyume kwa nguvu zote, ukampiga katikati ya mapaja. Hata kelele hakupiga. Alitapika tu.

Aliyemleta zahanati alikuwa Bernadina, mama wa mkewe, Salome. Bernadina ndiye anayewapikia wachimbaji wa duara lile. Njia nzima alitembea mbele, kanga kichwani, bila kugeuka. Kwao mkwe hatazamwi usoni, sembuse kusikia habari za chini ya kiuno chake. Sasa alikuwa ameketi nje ya chumba cha nesi, amekipa mgongo. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia, tena fupi.

"Haya kaka, unaumwa wapi?" aliuliza nesi Mwanne, binti wa Tanga, sauti yake ya kusikika hadi barazani.

"Huku."

"Huku wapi?"

"Chini."

"Chini mguuni? Sema basi, nina foleni."

Jilala akatazama pazia. Chini yake aliziona kandambili za bluu za mkwe wake. Majina aliyoyajua ya kitu kile yalikuwa la Kisukuma na la machimboni, na hakuna hata moja linalosemeka mbele ya kandambili zile. Akatafuta neno la heshima. Likamjia lile alilokuwa akilitumia baba yake akiona haya.

"Ni mshipa."

"Umeanza lini?"

"Umeamka leo."

Kwa Mwanne, kama kwa wengi, mshipa ni ngiri au busha, maradhi ya miaka. Nao ukishasema umeamka, maana yake siku zote ulikuwepo, umelala.

"Vua nione."

"Siwezi, dada. Mama yuko hapo."

"Wanaume wa huku mna kazi," alisema Mwanne. Akampa vidonge vya maumivu, akamwambia akipata nafasi aende hospitali kubwa. Mshipa unapasuliwa, hauna haraka.

Aliporudi duarani, Gregory, msimamizi, alikuwa ameegemea pikapu. Ni yeye anayeamua gari lile linamchukua nani.

"Nimesikia una mshipa," alisema, hata hajaombwa.

"Naomba gari, bosi. Linifikishe tu hospitali."

"Gari ni la ajali. Mshipa umekuja nao kutoka kwenu. Ni mambo ya ukoo hayo."

Marwa, aliyekuwa ameshika upande wa pili wa winchi wakati ule, akarusha koleo chini. "Mshipa gani? Winchi imempiga pumbu! Tumeona wote!"

"Marwa! Adabu. Kuna mama hapa."

Watu wakaangua kicheko. Bernadina, aliyekuwa anakoroga maharage, alijifunika uso kwa kanga.

"Sema mwenyewe, Jilala," alisema Gregory kwa upole. "Winchi imekupiga wapi?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka na miguu haitulii, anaikanyaga ardhi huku na huku.

"Imenipiga... huku."

"Na nesi ulimwambiaje?"

"Mshipa."

"Basi." Gregory akaingia ndani ya gari, akapandisha kioo.

Jilala hakulala. Alizunguka nyumba hadi Salome akachoka kumwita. Kulipokucha alikuwa na homa, na Salome alipomlazimisha kuvua akaona uvimbe, ngozi imekuwa nyeusi kama bilinganya. Walikuwa hawajajaliwa mtoto bado. Akakimbia kwa mama yake.

Bernadina alimfuata Gregory mdomoni mwa shimo, mwiko bado mkononi.

"Ni pumbu," alisema. "Pumbu za mkwe wangu, zimepondwa na winchi yako. Nimelitamka mimi, mtu mzima, mbele ya watoto wangu. Sasa toa gari."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mama, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema Gregory, anatazama viatu vyake. "Lakini mwenyewe alisema mshipa. Nesi ni shahidi."

Ikabidi Marwa aazime pikipiki. Jilala alisafiri amesimama juu ya vikanyagio, ameshika mabega ya mwenzake, kila shimo la barabara linamtoa mguno, tangu barabara ya vumbi mpaka ya lami.

Kwenye ukuta wa hospitali kulikuwa na picha ya mwanamume aliyekatwa nusu, ana mishale na majina: uume, tezi dume, mrija wa mbegu. Daktari akaweka kidole kwenye mshale wa chini.

"Korodani hii ya kushoto imekufa. Damu haikufika. Mngekuja jana tungejaribu kuiokoa. Ya kulia nayo imeumia, siwezi kukuahidi mtoto."

"Inaitwaje?"

"Korodani."

"Kolodani," alirudia Jilala polepole. Neno safi. Hata mbele ya mkwe lingesemeka.

Kidonda cha upasuaji kilipofunga alirudi duarani, neno lake tayari mdomoni. Alikuta utaratibu mpya. Wachimbaji wamepanga mstari, na Gregory anamuuliza kila mmoja, mbele ya wenzake, kabla hajagusa kazi.

"Una mshipa?"

"Sina."

"Pita. Na wewe?"

"Sina, bosi."

Zamu ya Jilala ikafika.

"Bosi, ile ilikuwa kolodani."

"Ilikuwa nini?"

"Kolodani. Daktari amesema."

"Kolodani!" mmoja akaiga huko nyuma, na mstari mzima ukacheka.

"Mimi nakuuliza neno la hapa," alisema Gregory. "Una mshipa, huna? Walio nao tunawapumzisha nyumbani."

"Jibu bwana, jua linapanda!" alipaza sauti mmoja wa mstarini.

Jilala akatazama jikoni. Bernadina alikuwa amesimama wima, kanga ameishusha mabegani, anamtazama usoni bila kupepesa. Akatazama winchi. Kizuizi kilikuwa kimefungwa mpira mpya, mwekundu.

"Sina."

"Pita."

Akaenda, akaushika mkono wa chuma kwa mikono miwili, akapanua miguu, maana winchi ile haizungushwi kwa namna nyingine.