Waya Mfu

Tone la maji halikulia. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa nguo, binti mpiga pasi wa karakana moja ya ushonaji alichovya kidole kwenye kopo na kudondosha tone moja juu ya uso wa pasi. Likilia chwaa na kuruka, kazi inaanza. Siku hiyo tone lilikaa tu, limejikunyata kama mgeni asiyekaribishwa. Juu ya kichwa chake, taa ya chumba cha pasi ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika.

Akafanya kama kawaida yake pasi ikichelewa: akachomeka ya pili. Papo hapo taa za chumba cha cherehani, ng'ambo ya mlango, zikawaka kwa weupe wa kuumiza macho. Kukasikika pa, pa, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Cherehani nne za umeme, na mbele dukani friji mpya ya vinywaji, vyote vikafa kabla chai haijapoa.

Mwenye karakana alikuwa mama yake mdogo. Alimtoa shule akiwa darasa la tano, kwa ahadi kwamba atasoma jioni. Miaka sita ilikuwa imepita. Alimkuta binti ameshika waya wa pasi, na hakutaka ushahidi mwingine. Washonaji wawili waliapa kwamba taa zilichachamaa pale pale binti alipochomeka pasi. Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma: walisema kweli, na bado walimwonea.

Mkwe wa mama mdogo, aliyejipa cheo cha fundi wa nyumba kwa sababu ana testa, bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, alikuja akiilalamikia friji yake, ile ya dukani.

"Bubu ametumaliza," alisema, akimnyooshea kidole binti, aliyemwita hivyo kwa uchache wa maneno yake. "Darasa la tano na pasi mbili, wapi na wapi?"

Washonaji wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Alimwambia binti afunge nguo zake. Saa nane anapanda basi, arudi kwao.

Binti alifunga nguo, na kila kanga aliikunja kwa nguvu kama anayemnyonga mtu. Maana jana jioni, karakana imeshafungwa, alikuwa akifagia chini ya sanduku la umeme wakati mkwe huyo huyo, shemeji yake, analichokoa ili kuongeza waya wa friji yake. Nafasi ilikuwa finyu. Akagusa waya mmoja mweusi kwa testa, kitaa hakikuwaka. "Huu mfu, unakula nafasi bure," alisema peke yake, akauchomoa, akaufunga tepu. Kwamba kuna mtu anafagia hapo, hakujali. Nani anajali ufagio?

Fundi wa umeme aliyeitwa kutoka mtaa wa pili alifika kabla ya saa nane. Alikuwa mtu mzima, mfupi, asiye na haraka. Alichomoa mashine zote, akaacha taa tu, akapima chumba kwa chumba. Kisha akamwita binti aliyekuwa mlangoni na kifurushi chake.

"Mwanangu, hebu washa pasi zako."

Mama mdogo alitaka kukataa. Fundi akamwonyesha mita yake ya kupimia umeme. Pasi zilipowashwa, umeme wa chumba cha pasi ulishuka mpaka volti tisini, badala ya mia mbili na thelathini. Wa chumba cha cherehani ukapanda ukapita mia tatu. Zikazimwa haraka.

"Pasi haina kosa," fundi alisema. "Hapa zinaingia fezi tatu, nyaya tatu za moto, kila chumba na wake, na zote zinarudi kwa waya mmoja, nyutro, ambao testa haiwaki ukiugusa. Huyo ndiye msuluhishi, kila chumba kipate haki yake. Ukimwondoa, chumba chenye mzigo mzito kinabaki na njaa, chenye mzigo mwepesi kinavimbiwa mpaka kinapasuka."

Alizima swichi kuu, akafungua sanduku, akavuta waya mweusi uliokunjwa pembeni. Tepu yake ilikuwa mpya, bado inanata. Akauliza nani ameutoa.

Mkwe alisema labda panya.

"Panya wa siku hizi wanafunga tepu," fundi alisema.

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo alitazama sakafu, kama aliyedondosha sindano. Binti akaona kwamba ameshajua, na kwamba atanyamaza ili aibu isiingie kwa mkwe wake. Na basi la saa nane liko pale pale.

"Shemeji ndiye aliyeutoa," alisema. "Jana jioni. Alisema ni waya mfu."

"Bubu leo..." mkwe alianza.

"Mimi si bubu."

Mama mdogo alimgeukia yeye, si mkwe. Alimuuliza mbona aliona akanyamaza, mbona akaacha mali iungue.

Binti aliweka kifurushi juu ya meza ya pasi.

"Hukuniuliza. Miaka sita unaniuliza kitu kimoja tu, kama nguo zimenyooka. Sasa mimi nakuuliza, mama mdogo. Ile jioni ya kusoma ni ipi?"