Kiti cha Mbele cha Camaro

Kwa miaka chungu nzima Fawziya alipanda gari la mumewe kwa nyuma, na gari lenyewe si la kupandwa nyuma. Lilikuwa Camaro ya mwaka sabini na tisa, kijani iliyokoza, milango miwili tu, injini ya silinda nane ambayo Humaid akiiwasha vikombe vya jirani vinatikisika kabatini. Kiti cha nyuma Wamarekani walikitia kwa kutimiza wajibu; mtu mwenye magoti yake hakimtoshi. Fawziya alijikunja humo na buibui lake na mkoba wake, mumewe mbele peke yake kama dereva wa balozi, na mtaani kwao Ibra, Omani, watu wakadhani ni mama mkwe.

Yote hayo kwa sababu ya mbuzi.

Walikuwa ndio kwanza wameoana. Humaid, mhandisi wa barabara, alikuwa amelinunua gari kwa mshahara wa ujana wake wote, viti vya kitambaa rangi ya maziwa. Alipokwenda Unguja kuzuru jamaa alirudi na kirungu cha mpingo kilichochongwa na fundi wa huko mtaa wa Malindi, akakifunga juu ya fimbo ya gia, akasema Mmarekani naye sasa kavishwa kofia. Halafu jioni moja akarudi kutoka Sur, na kiti cha mbele, kiti cha Fawziya, kina doa kubwa la damu iliyokwisha kukauka.

"Nilimpakia mbuzi wa watu," Humaid alisema. "Alikuwa mgonjwa."

"Mbuzi? Kwenye kiti changu? Nyuma hakukuwa na nafasi?"

"Nyuma alikaa mwenye mbuzi."

"Basi kiti hicho ni cha huyo mbuzi. Mimi sikikalii tena."

Na Fawziya akisema, kimesemwa. Humaid alikisugua kiti kwa sabuni, kwa ndimu, kwa kila alichoambiwa. Doa likafifia, halikutoka. Kubadilisha kitambaa akakataa katakata, na hakusema kwa nini. Wakazeeka hivyo, wakapendana hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Walipohamia shambani Manah na Humaid akaanza kuugua, gari likaingizwa kwenye kibanda pembeni ya mitende. Siku za mwisho alimshika mkono mkewe akamwambia: "Liuze, bibi. Lakini likiwa zima, na litembee." Fawziya akamwahidi.

Ahadi rahisi kutoa, ngumu kutimiza. Eda ilipokwisha, binti yao Shurooq alipiga picha za gari nje na ndani, akaziweka mtandaoni kwenye kundi la wapenzi wa magari ya zamani ya Kimarekani. Wanunuzi wakaja. Wa kwanza, vijana wawili kutoka Maskati, hawakutazama hata rangi. Walifungua boneti, wakatabasamu, wakasema injini wanaitaka, bodi wataiacha hapohapo isiwasumbue. Fawziya akawafungulia geti watoke. Wa pili alikuwa mwenye mkahawa Nizwa, karibu na soko, mtu mwenye manukato mazuri na maneno mengi. Yeye alitaka bodi. Injini ingetolewa, mahali pake iwekwe mashine ya kahawa, watalii wapige picha.

"Mashine ya kahawa," Fawziya alimwambia Shurooq yule mtu alipokwisha kuondoka. "Humaid angefufuka ampige bakora."

"Mama, utakataa kila mtu mpaka lini? Ile gari inaoza."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Kila mwezi fundi wa Manah alikuja kuliwasha na kusikiliza, na kila mwezi alitikisa kichwa kidogo zaidi.

Wa tatu waliomba kuja Ijumaa baada ya sala, kutoka mbali, Jalan Bani Bu Ali. Waliingia barazani wawili: mzee wa kibedui aitwaye Hud, mwembamba, kilemba kimefungwa barabara, na binti yake Ibtihal, mwanamke wa makamo, mhandisi kazini kwake Sur. Ibtihal alipolipita gari kibandani alisimama, akaweka kiganja juu ya bati. Fawziya akapenda vile.

Wakaketi. Shurooq akaleta halua na tende, na Fawziya mwenyewe akamimina kahawa, yake ile ya tangawizi na mdalasini, ya Unguja, isiyotaka kujua habari ya kahawa ya mtu mwingine. Hud akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akashukuru, akakiweka chini mkekani mbele yake. Hakunywa.

Wakaulizana hali, mvua, mavuno ya tende. Kahawa ikapoa. Fawziya akaona mgeni ana haya. Akakichukua kikombe, akaimwaga, akamjazia ya moto. Hud akamtazama kidogo kwa mshangao, akakipokea, akakiweka palepale.

Fawziya akaonja ya kwake. Haina kasoro. Akajazia mara nyingine, safari hii kwa kishindo. Mzee akakiweka chini.

Akainuka kwenda jikoni, Shurooq nyuma yake.

"Ametoka Jalan kuja kunidharaulia kahawa yangu! Kama hapendi tangawizi si aseme?"

"Mama, la! Mbona unamwaga mwaga?" Shurooq alikuwa ameshika kichwa. "Yule ana haja. Mama mkwe wangu kanifundisha, kwao Ibra watu wanajua. Mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana jambo kubwa la kuomba. Hanywi mpaka wewe umwambie, kunywa, haja yako imepita. Wewe unampa nyingine, unampa nyingine, maskini!"

Fawziya akakaa juu ya kigoda. Miaka yote katika nchi hii, na watu wa Unguja wenziwe ndio aliokunywa nao kahawa. Wao mtu akiwa na haja huizungukia kwa maneno mpaka magharibi.

"Na haja yenyewe nikiuliza kwanza?"

"Haiulizwi. Unakubali, halafu ndiyo anasema."

"Na akitaka injini peke yake?"

"Basi ushampa, Mama."

Fawziya akaiona hatari. Neno moja tu, na ahadi yake kwa Humaid ingevunjika mbele ya wageni. Angeweza kukaa kimya. Mzee angeinuka, angeaga kwa heshima, angerudi Jalan na koo kavu. Lakini Fawziya alikumbuka alivyofika Ibra akiwa msichana, sanduku moja, Kiarabu chake cha kuchekesha, na majirani wasiomjua wala kumwelewa wakagonga mlango na birika la kahawa. Hapana aliyemwuliza kwanza anataka nini. Nyumba ya Humaid haijapata kumtoa mgeni na kikombe kimejaa, na haitaanza leo.

Akarudi barazani, akakaa sawasawa, akasema kwa Kiarabu chake hichohicho: "Kunywa kahawa yako, ya akhi, ndugu yangu Hud. Haja yako imepita."

Mzee akafumba macho. Akakinywa kikombe chote, akakitikisa kidogo kuonyesha kimetosha, akamrudishia.

"Mungu akuzidishie, mama Shurooq. Bei ya gari atasema nawe binti yangu, na la bei si haja. Haja yangu ni msamaha. Utusamehe kiti."

Fawziya hakuelewa. "Kiti gani?"

"Cha mbele. Mke wangu Badria alishikwa na uchungu nyumbani, na gari letu likatufia njiani, jangwani. Watu walipita. Akasimama kijana na gari hili. Mimi akanikunja huko nyuma kama godoro, Badria akamweka mbele, akaendesha kuelekea Ibra. Hatukuwahi. Mtoto akazaliwa palepale kitini." Akamwonyesha Ibtihal kwa kidevu, na mwanamke yule mzima akainamisha kichwa kama mwari. "Hospitalini waliwapokea mama na mtoto, wote wazima alhamdulillahi. Nilipotoka kumtafuta yule kijana, keshaondoka. Jina lake hatukulijua."

"Sasa mmejuaje ni yeye?"

Ibtihal akajibu, akamwita khalti kama mama yake mdogo. "Mimi, khalti, nimekua nikiambiwa nilizaliwa ndani ya gari la Kimarekani, ndiyo maana nayapenda. Nilikuwa nikitazama yanayouzwa, mama yuko ubavuni pangu. Akaiona picha ya ndani, kile kirungu cheusi cha gia. Akapiga kelele. Anasema alikishika njia nzima kwa uchungu, hata mumeo akawa kila akitaka kubadili gia inambidi amwombe ruhusa."

Shurooq akacheka, na machozi yanamtoka.

"Badria alilia sana kwa kukichafua kiti," Hud akaendelea. "Mumeo akamwambia: usijali, ni kiti cha mke wangu, na mke wangu ana moyo mkubwa. Na mimi akaniambia, habari hii haitatoka kinywani mwangu, hata nyumbani. Ni sitara ya mkeo."

Fawziya aliona haya, akaona fahari, akamwona Humaid anasugua kiti kwa ndimu na huku anasemwa, kimya, neno moja la kujitetea asilitoe. Ana moyo mkubwa. Humaid alimsifia mkewe hivyo kwa watu, halafu akaja nyumbani akatukanwa kwa ajili ya mbuzi. Alimshukuru Mungu kwa mume yule, kwa sauti, mbele yao wote.

"Na Badria yuko wapi?"

"Getini, ndani ya gari. Alisema haingii mpaka asamehewe."

"Getini! Jua lote hili! Shurooq, mkimbilie!"

Badria akaletwa, mwanamke mdogo wa kimo, burqa yake usoni, na wakakumbatiana muda mrefu. Kisha Fawziya akawahadithia habari ya mbuzi, mwanzo mpaka mwisho, na Hud akacheka mpaka kilemba kikalegea. Mambo ya bei yalikwisha upesi, kila mmoja akivutia upande wa mwenziwe. Ibtihal aliomba jambo moja tu: kitambaa cha kile kiti kisibadilishwe.

Wakatoka kulijaribu gari. Fawziya, kwa mazoea, akakisukuma kiti cha mbele ili apenye nyuma. Badria akamshika mkono.

"Huko nyuma ni kwangu leo," akasema, akaingia yeye, akakunja magoti yake.

Fawziya akakaa mbele, juu ya doa. Kiti kilikuwa laini kuliko alivyokumbuka. Ibtihal akawasha, silinda zote nane zikaitika, na bila shaka kabati za Manah zikatikisika. Akaweka mkono juu ya kirungu cha mpingo, akangoja aambiwe.

Fawziya akaweka mkono wake juu ya mkono huo.

"Twende," alisema, "mbuzi wangu."