Kurasa Kumi na Sita

Kazini, karani wa masjala alikuwa mtu wa kuhesabu karatasi. Faili likirudi kutoka ofisi yoyote, alilifungua mezani, akalamba kidole na kuhesabu karatasi moja moja kabla ya kulirudisha kwenye rafu. Ikipungua hata moja, aliyelileta alikiona cha mtema kuni, awe mkubwa au mdogo. Ndiyo maana kosa alilokuja kulifanya lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu mwingine.

Nyumbani alikuwa na blogu ya vitabu. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi aliandika kuhusu kitabu kimoja, hasa vile vya zamani visivyopatikana tena madukani. Alivinunua kwa muuza vitabu chakavu nyuma ya stendi, na akishavisoma alimrudishia ili na wengine wavipate. Hakuwa mtu maarufu, lakini alikuwa na watu wake. Walibishana naye, walimtania, walimtumia picha za rafu zao. Kisha watu wakaanza kuiuliza akili mnemba, nayo ikawajibu papo hapo, juu kabisa ya kioo cha simu. Jibu likishapatikana, nani ajisumbue kushuka hadi kwenye blogu ya mtu asiyemjua? Watu wake wakayeyuka mmoja mmoja. Siku nyingine mgeni alikuwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe aliyekwenda kuchungulia.

"Wifi, umeenda tena kuhesabu wageni?" aliuliza mke wa kaka yake, aliyeishi naye nyumba moja. "Lingekuwa duka ungeshalifunga zamani."

"Nyamaza wewe, hujawahi kusoma hata ukurasa mmoja."

"Nisome ya nini, na simu inanisimulia?" Kwa kumchokoza tu, wifi akaisogeza simu mdomoni na kuiuliza kuhusu ile riwaya ya zamani aliyozoea kumsikia akiisifu, ya mama anayemngoja mwanawe. Sauti tamu ikajibu kwamba riwaya inaisha mama akiwa amesimama mlangoni, taa mkononi, na mwandishi hatuambii kama mwana alirudi. Anatuachia sisi kungoja.

Karani aliacha kukunja nguo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika kuhusu riwaya ile mtandaoni. Aliandika yeye, miaka mitatu nyuma, na sentensi ile ya mwisho aliibadilisha mara sita kabla ya kuridhika nayo.

"Hayo ni maneno yangu," alisema.

"Si ufurahi basi? Yamefika mbali."

"Yamefika bila mimi."

Wiki mbili baadaye maoni yaliingia kwenye blogu, ya kwanza baada ya miezi saba, na karani aliyafungua mbio. Aliyeandika alikuwa mwuguzi, mjukuu wa mwandishi wa riwaya ile. Aliiuliza simu kuhusu kitabu cha babu yake, akamsomea bibi yake jibu, na bibi akang'aka. Ndipo mjukuu alipobonyeza kiungo kidogo kilichojibanza chini ya jibu, kikamleta hapa. "Bibi anasema umewadanganya watu," aliandika. "Mwana alirudi. Anaomba umpigie." Chini yake aliweka namba ya simu.

 Karani akakikumbuka kitabu: ukurasa wa mia moja sabini na sita, nukta, halafu jalada. Vitabu vya zamani kama kile vilishonwa kurasa kumi na sita kwa pamoja, fungu kwa fungu. Akachukua kalamu akagawanya kwa kumi na sita, ikagawanyika bila baki: kitabu kilikatikia hasa pale fungu linapoishia. Fungu la mwisho lilikuwa limeng'oka na kudondoka kusikojulikana, na sentensi iliyobaki ikatokea kuwa nzuri mno, hata yeye, mhesabu karatasi wa serikali, akaiamini na kuisifu kwa aya nne.

Alipiga simu akiwa amejiandaa kuomba radhi, lakini bibi, mjane wa mwandishi, hakuwa na haja na radhi. Macho yake hayakuwa yakiona tena. Nakala yake ya kitabu iliazimwa na mtu miaka mingi iliyopita, wala haikurudi. Hata hivyo, ukurasa ule wa mwana kurudi aliujua kwa moyo, akausema wote polepole huku karani akiandika. Hatua zinasikika uani. Mtu anabisha hodi. Mama haitikii mara ya kwanza, kwa kuogopa kwamba amesikia vibaya. Kisha mwana anaomba maji kabla hajaomba msamaha, na mama anamletea kwa kikombe kile kile cha utotoni mwake.

"Wetu alipotea akiwa na miaka kumi na tisa," mjane alisema alipomaliza. "Hatukupata hata nguo yake. Mume wangu akakaa akaandika. Aliniambia, huku nje nimeshindwa kumrudisha, basi nitamrudisha humu. Humo tu, binti yangu, ndimo alimorudi. Usiwaambie watu kwamba hakurudi."

"Nitasahihisha, mama. Leo leo."

Na akasahihisha. Juu kabisa ya makala yake aliandika kwa herufi kubwa NILIKOSEA, akaeleza kosa lake bila kujitetea, akauweka ule ukurasa aliotajiwa na mjane. Kisha akaiuliza simu. Mama alikuwa bado yuko mlangoni na taa yake. Kesho yake wakati wa chakula cha mchana akauliza tena, na mama hajasogea. Wifi, ambaye sasa utani ulikuwa umemwisha, alimnyang'anya ile simu akaanza kugombana nayo.

"Mwana alirudi, unasikia? Alirudi!"

"Asante kwa kunisahihisha," sauti tamu ilisema. "Uko sahihi kabisa."

Wifi alipiga vigelegele. Siku iliyofuata wakauliza upya, na jibu likawa lile lile la mwanzo, neno kwa neno. Karani aliwaandikia wenye mashine, akapata barua ya shukrani ambayo haikuandikwa na binadamu. Blogu nayo ilionyesha wageni wawili, yeye na wifi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameifungua maishani mwake.

Jumamosi alikwenda kwa muuza vitabu kuulizia kama anaweza kupata nakala nyingine, iliyo kamili.

"Hiyo sina," muuza vitabu alisema. "Na ile uliyonirudishia ilishachukuliwa, miezi mingi sasa. Alikuja bwana mmoja wa kampuni ya uchapishaji. Kampuni yao ndiyo iliyorithi vitabu vya yule mchapishaji wa zamani, wanataka kukichapa upya. Alisema kila akiiuliza mashine, inamsifia mwisho wake."

Karani aliandika jina la kampuni ile kwenye kiganja. Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua faili hata moja, alimpigia mhariri wa kampuni ile. Mhariri alikuwa mtu wa adabu.

"Dada, kitabu kimeshatoka. Kiko madukani tangu juzi."

"Hakijakamilika. Kimepungua kurasa kumi na sita."

"Tulijiuliza hilo, maana jalada la nyuma lilikuwa limelegea. Lakini tulihakiki. Kila tulipoiuliza mashine, jibu lilikuja wazi kwamba kinaishia mlangoni."

"Jibu hilo ni langu! Niliandika mimi, na nilikosea, na nimeshasahihisha."

"Umesahihisha wapi?"

"Kwenye blogu yangu."

"Sijaiona," mhariri alisema, na alisema kweli. "Unayo nakala yenye hizo kurasa?"

"Nina mjane wa mwandishi. Anaukumbuka ukurasa wa mwana kurudi."

Mhariri alishusha pumzi. "Tukija kukichapa tena tutaliangalia." Karani aliijua sauti ile. Ni sauti ya mtu anayefunga faili.

Alikinunua kitabu akiwa njiani kwenda kwa mjane. Kwenye jalada la nyuma, kwa herufi za mlazo, paliandikwa: Anatuachia sisi kungoja. Pembeni hapakuwa na jina la mtu. Miaka tisa alitamani kuona maneno yake nyuma ya kitabu, na sasa alikilaza mapajani upande huo ukiwa chini ili asiyaone.

Mjane alikuwa na chumba kimoja chenye kitanda, viti viwili na mlango uliofungukia uani. Mjukuu alikuwa kazini. Habari ya kitabu kipya ilikuwa imeshamfikia mjane, na alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakinusa, akakipapasa mgongo, halafu akamrudishia karani.

"Nisomee pale anapobisha hodi."

Karani alifungua mwisho. Mia moja sabini na sita, nukta, jalada. Ndani ya mkoba alikuwa na ile karatasi aliyoiandika siku ya simu, na mjane hakuwa na macho ya kumwona akiitoa. Aliitoa. Akasoma hatua za uani, akasoma hodi, akasoma kimya cha mama. Midomo ya mjane ilikuwa ikienda pamoja naye. Alipofika kwenye kikombe, midomo ile ilisimama.

"Rudia hapo."

"Akamletea maji kwa kikombe chake cha utotoni."

"Mume wangu aliandika bakuli," mjane alisema taratibu. "Mimi ndiye ninayesema kikombe. Miaka yote nilikosea hapo, naye akinicheka. Kitabu hakiwezi kukosea nilipokosea mimi."

Karani alijiona mwizi. 

"Mwanangu, niambie ukweli. Humo amerudi?"

"Hapana, mama."

"Na watu wote watasoma hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Mjane alifungua viganja vyake mapajani.

"Basi hakurudi," alisema.

 Karani aliikunja karatasi, akaiweka kitandani pamoja na kitabu, akainuka. Alikuwa ameshashika kitasa mjane alipomwita.

"Ukitoka," alisema, "mlango uache wazi."